Barua za Mhariri wa "Kwetu" na Karatasi za Kwetu Maore



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutuletea taarifa za madarasa, zahanati, barabara na maji. Ndivyo inavyopasa, maana fedha ya watu haina budi kutolewa hesabu. Ukurasa wa historia huwa ni wa kupumzikia macho baada ya tarakimu. Mwaka huu naomba tuupe kazi zaidi ya hiyo. Nataka tuzungumze habari za barua za zamani: barua za mwandishi mmoja wa gazeti aliyeishi Dar es Salaam kabla ya uhuru, namna zilivyosalimika na nani aliyezitunza. Baada ya hapo tuulizane, sisi wa huku chini ya milima ya Upare, za kwetu ziko wapi.

Mhariri na gazeti lake

Mwandishi huyo aliitwa Erica Fiah. Jina lisiwapoteze, alikuwa mwanamume, Mganda aliyehamia Dar es Salaam wakati Waingereza walipokuwa wameichukua nchi kutoka kwa Wajerumani. Alifanya ukarani, kisha akafungua duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha kuwasaidia Waafrika katika biashara na katika maisha ya mjini.

Biashara kwa Mwafrika wa siku zile ilikuwa na vikwazo ambavyo vijana wetu wa leo, wenye maduka Kariakoo na Same mjini, pengine hawajapata kuvisikia. Ilikuwepo sheria iliyozuia wenyeji kukopeshwa. Mfanyabiashara aliyempa Mwafrika mali kwa mkopo bila kibali cha serikali hakuweza kwenda mahakamani kudai deni lake. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla hakuthubutu kumkopesha Mwafrika hata gunia la sukari, na asiyekopeshwa hujaza rafu zake polepole mno. Wafanyabiashara Waafrika waliilalamikia sheria hiyo kwa miaka mingi.

Fiah aliona kwamba malalamiko yanayoishia barazani hayafiki mbali. Tarehe 18 Novemba 1937 akatoa gazeti lake kwa Kiswahili, akaliita "Kwetu". Magazeti ya Kiswahili yalikuwepo kabla ya hapo. Wajerumani walikuwa na "Kiongozi" lililochapwa Tanga, misheni zilikuwa na yao, na tangu Januari 1923 serikali ya Waingereza ilikuwa ikitoa "Mambo Leo" chini ya Idara ya Elimu. Tofauti ya "Kwetu" ilikuwa mwenye mali. Lilikuwa gazeti la Mwafrika mwenyewe, na watu wa historia hulihesabu kuwa la kwanza la namna hiyo katika Tanganyika. Kwa hiyo Fiah alikuwa mwenye gazeti, mhariri, mtafuta matangazo na mdaiwa wa mpiga chapa, vyote kwa pamoja. Sisi tunaoendesha chama kwa mfuko mdogo tunaijua hali hiyo.

Jalada la waliomtilia shaka

Mtu wa kazi kama hiyo haachi kuandika barua. Fiah aliandika serikalini kuhusu gazeti lake na kuhusu haki za watu aliowasemea. Aliandikiwa majibu, akajibu tena. Je, barua hizo tunazipata wapi leo, zaidi ya miaka 80 baadaye?

Tunazipata katika majalada ya serikali ileile aliyokuwa akiilalamikia. Utaratibu wa ofisi za Kiingereza ulikuwa mmoja kutoka bomani mpaka Sekretarieti. Barua ikiingia, karani wa masijala huipiga muhuri wa tarehe, huipa namba ya ukurasa na kuifunga ndani ya jalada. Ofisa huisoma, huandika dokezo lake na kulipeleka jalada kwa mkubwa wake, naye huongeza la kwake. Jibu likitoka, nakala yake ya kaboni hufungwa humohumo. Jalada likijaa hufunguliwa la pili. Hakuna kinachotupwa kwa sababu hakuna ajuaye lini mkubwa atakiulizia.

Magazeti yalikuwa na sababu ya ziada ya kuwekewa jalada. Sheria ya mwaka 1928 ilitaka kila gazeti liandikishwe na mwenyewe aweke dhamana. Gazeti la Mwafrika, kwa lugha ambayo kila mtu mjini anaisoma, lilikuwa jambo la kuangaliwa. Wakubwa walitaka kujua Fiah anasema nini, anaungwa mkono na nani, na je, anyamaziwe au akanywe. Walihifadhi barua zake kwa sababu hawakumwamini.

Baada ya uhuru, nchi yetu ilikusanya majalada hayo. Leo yako chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo jengo lake la Dar es Salaam liko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Mwaka 1981 mwanahistoria Mwingereza, Nicholas Westcott, aliandika makala ndefu juu ya maisha ya Fiah katika jarida la historia ya Afrika linalochapwa Cambridge. Bila majalada yale Fiah angebaki jina linalotajwa na wazee wachache wa Dar es Salaam, na wazee wale sasa wametangulia.

Lakini angalieni jambo moja. Anayemfahamu Fiah kwa kupitia jalada lile anamwona kupitia dirisha la waliokuwa wakimchunga. Barua aliyoipeleka Sekretarieti ipo, kwa kuwa Sekretarieti ilikuwa na masijala. Ya karani wa bara aliyemwandikia mhariri kumweleza taabu za kituoni kwake, ikakosa nafasi gazetini, haikuwa na jalada lililokuwa likiisubiri. Tena dokezo la ofisa si ushahidi wa tabia ya mtu. Ofisa akiandika kwamba fulani ni msumbufu, tunajifunza zaidi kuhusu ofisa, yaani nani alimsumbua na kwa nini. Tunapomshukuru karani wa masijala kwa kututunzia karatasi, tukumbuke alikuwa akimtunzia bwana wake.

Sanduku la ndugu

Kuna njia nyingine ya barua kusalimika, na mfano wake haukutokea mbali na sisi. Shaaban Robert, ambaye kila aliyepita darasani Tanzania amemsoma, alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mashairi yake yalitoka katika "Mambo Leo" kabla hajawa mtu wa vitabu. Alikuwa mtumishi wa serikali, na miaka mingi alifanya kazi forodhani, akihamishwa kutoka kituo hiki kwenda kile. Kutoka huko alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge.

Ulenge alizitunza barua zile. Ya kwanza ni ya mwaka 1931 na ya mwisho ni ya mwaka 1958. Hesabuni: ni miaka 27 ya kupokea barua, kuisoma, kuijibu na kuiweka, bila kuifungia karanga wala kuiwashia moto. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapisha kuwa kitabu, kikiwa kimehaririwa na Profesa Mulokozi.

Hapa hakuna ofisa, hakuna dokezo wala muhuri. Ndugu anamwandikia ndugu habari za nyumbani, afya, kazi, fedha na mipango. Ndiyo maana mtu anayetaka kumjua Shaaban Robert kama kaka na mtafuta riziki humpata katika barua hizo kuliko katika majalada yoyote. Ulenge alipoipokea barua ya mwaka 1931 kaka yake alikuwa kijana wa forodhani mwenye miaka ishirini na ushei. Hakuna aliyekuwa amempa ahadi kwamba jina la kaka yake litakuja kupewa mitaa na shule. Aliitunza kwa sababu ilitoka kwa kaka.

Basi kwa mifano hiyo miwili tuna watunzaji wawili: serikali yenye shaka na ndugu mwenye upendo. Tuitazame Upare kwa mizani hiyo.

Upare ulioandika

Sisi Wapare tumesifiwa, na mara nyingine tumetaniwa, kwa kupenda shule na kupenda kesi. Vyote viwili vinahitaji karatasi. Wasabato walifika milimani kwetu mwaka 1903, na Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa wamekwisha kuanza upande wa kaskazini. Kalamu zikaenea mapema. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 ilipita upande wa magharibi wa milima, Hedaru, Makanya hadi Same, nasi wa upande wa mashariki tukabaki na njia ya Kisiwani na ya Mkomazi. Barua zilifika, ila kwa miguu zaidi.

Tazameni nani alizitunza barua za zama zile. Mchungaji Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga, aliandika kwao Ujerumani juu ya imani na desturi za Wasu, na mwaka 1916 kitabu chake juu ya mambo hayo kilichapwa huko. Mmisionari wa Kisabato Ernst Kotz naye aliandika kitabu chake. Barua na taarifa za wamisionari zilikwenda makao makuu yao Ulaya, zikawekwa kwa mpangilio, na hadi leo wasomi huzisoma. Kwa hiyo barua za wageni juu yetu zimelindwa vizuri kuliko barua zetu juu yetu wenyewe. Siwalaumu wamisionari. Walitunza vyao, nasi tulipaswa kutunza vyetu.

Halafu yakaja magazeti. "Mambo Leo" lilipokea barua kutoka kila pembe ya nchi, na waandishi wake wakubwa walikuwa walimu na makarani, watu wa aina ambayo Upare iliwazaa kwa wingi. Miaka ya 1950 wilaya yetu ilikuwa na gazeti lake lenyewe, "Habari za Upare". Wazee wetu walipata mahali pa kusema juu ya shule, mazao, maadili ya vijana na uongozi, kwa majina yao na kwa Kiswahili safi. Baada yake wakaandikia "Ngurumo", kisha "Uhuru" na "Mfanyakazi". Kilichochapwa kinaweza kupatikana katika maktaba kwa anayejua kutafuta. Rasimu zilizobaki nyumbani, majibu ya wahariri na barua za wasomaji waliomwandikia mzee kumpongeza au kumpinga havimo katika maktaba yoyote. Vimo katika masanduku, kama bado vimo.

Mbiru: tulipoandika kwa pamoja

Kama kuna tukio moja la Upare linaloonyesha nguvu ya karatasi, ni mbiru. Vijana wengi wamelisikia jina bila kujua habari yake, kwa hiyo niieleze kwa kifupi.

Zamani mbiru ilikuwa jina la kodi ya jadi kwa watawala. Miaka ya Vita Kuu ya Pili, baraza la watemi wa Upare, kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilileta kodi mpya kwa jina hilohilo. Kila mtu alipaswa kutozwa kwa kadiri ya mali yake, juu ya kodi ya kichwa aliyokwisha kulipa. Watu waliuliza nani atakayepima mali ya mwenzake, na kwa haki gani ahesabiwe migomba na mbuzi wake. Walikataa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo. Hawakuvunja wala kuchoma. Walikaa wakitaka kusikilizwa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Mwanzoni mwa 1946 kina mama wa Usangi nao walijitokeza kwa mamia mbele ya Bwana Wilaya, wakamwambia kwamba kama hatawarudishia waume zao, basi awape yeye mimba. Maneno hayo yalimfikia barabara.

Pamoja na kukaa Same, watu waliandika. Waliandika maombi kwa wakubwa na kwa Gavana, wakaeleza sababu zao kwa mpangilio, kama watu waliopita shule. Mwishowe serikali ikaiacha kodi ile. Miaka karibu minane kabla ya TANU kuzaliwa, Wapare walikuwa wamekwisha kuipinga kodi ya serikali bila silaha, wakashinda.

Habari hii tunaijua kwa undani kwa sababu ya mwana wa Upare, Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1960 alizunguka milimani akiwahoji wazee juu ya historia yetu ya zamani, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya siasa ya Wapare. Mwaka 1971 akatoa kijitabu juu ya mbiru. Alisoma majalada ya serikali, akaongeza sauti za wazee ambao jalada halikuwauliza. Angechelewa miaka 30 angekuta majalada yapo na wazee hawapo, na mbiru ingebaki kama Bwana Wilaya alivyoiandika.

Leo waliokaa Same mwaka 1945 hawapo tena wa kuhojiwa. Kilichobaki katika nyumba zao ni karatasi. Stakabadhi ya kodi ya mwaka 1944 iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia ni ushahidi wa mbiru sawasawa na dokezo la Bwana Wilaya, ila dokezo lina jengo, mlinzi na sheria ya Bunge, na stakabadhi ina mchwa.

Maore, na hasara ambayo haipigi kelele

Nije nyumbani. Shule ikibomoka paa, sote tunaona, tunapiga simu na kuchanga. Sanduku la barua likiliwa na mchwa hakuna anayepiga simu. Tunajua siku tunapolihitaji.

Tunalihitaji wapi? Tuanze na maji na ardhi, maana Maore ni mpunga, na mpunga ni maji. Kila mfereji una historia ya nani aliuchimba, nani aliruhusu upite shambani kwake, na zamu zilipangwaje. Ndiva za milimani na mifereji ya tambarare zilijengwa kwa msaragambo, na mara nyingi mapatano yake yalisemwa kwa mdomo, kisha mtu mmoja mwenye hati nzuri akayaandika katika daftari la shule. Maji ya Hingilili yanapopungua, ugomvi huongezeka. Wajukuu wanapofika mbele ya Baraza la Kata kila mmoja na hadithi ya babu yake, daftari lile linaweza kuwa pekee lisilo na upande.

Fikirieni pia ardhi ya taasisi. Viwanja vingi vya shule, makanisa, misikiti na zahanati vilitolewa na wazee kwa neno na kwa barua fupi. Wakati ule hakuna aliyeona haja ya hati. Leo ardhi ina bei, na aliyezaliwa mjini anarudi kuuliza mpaka wa babu yake uliishia wapi. Barua ya mistari mitano yenye majina ya mashahidi inaweza kuokoa uwanja wa mpira wa watoto.

Kuna na barua za waliotoka: waliokwenda mikongeni Tanga, waliokwenda vitani na KAR, waliosoma mbali, waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Ndani yake kuna bei za vitu, habari za magonjwa, salamu kwa majina, na maagizo ya fedha: hizi za ada, hizi za bati, hizi za mchango wa shule. Chama chetu hakikuanza siku tulipopata usajili. Kilianza katika barua hizo, mtu wa Tanga alipomtumia mwenziwe wa Maore shilingi chache za kujenga. Tunapowaambia vijana wachangie, tungekuwa na la kuwaonyesha zaidi ya maneno.

Msidhani hatari hii ni ya karatasi za zamani tu. Maamuzi mengi ya chama siku hizi yanapitia katika kundi la WhatsApp. Humo ndimo tunamotangaza misiba, tunamokubaliana viwango, tunamokosoana na kusameheana. Simu ikiibiwa au ikizama mtoni, barua zetu za miaka mitano zimekwenda nayo. Kwa kipimo hicho, Ulenge wa mwaka 1931 na sanduku lake alikuwa mbele yetu.

Tufanyeje

Ninayopendekeza hayahitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza, kila familia ifungue masanduku yake likizo hii ya Desemba, wakati watu wako nyumbani. Msichome kitu kabla hakijasomwa na mtu mzima. Karatasi zikae mbali na sakafu ya udongo na ukuta wenye unyevu, ndani ya bahasha safi. Msizigandishe kwa gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, maana hapo hazitoki tena. Pini zenye kutu zitolewe. Kwenye picha, andikeni majina nyuma kwa penseli, tena mapema, wakati bibi bado anawatambua waliomo.

Pili, asili ibaki kwa wenyewe. Chama kiombe nakala tu. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kupiga picha barua mia kwa mchana mmoja karibu na dirisha. Kila picha iandikiwe imetoka kwa nani, ya mwaka gani, inahusu nini. Orodha ndiyo inayofanya rundo la karatasi liitwe kumbukumbu. Karani wa masijala wa Kiingereza alilijua hilo, nasi hatukatazwi kumwiga katika jema.

Tatu, siri ziheshimiwe. Barua nyingine zina magonjwa, madeni na ugomvi wa ndoa wa watu ambao watoto wao wako hai. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, hufungua nyaraka za umma baada ya miaka 30. Familia nazo zinaweza kuweka muda wao, wakaandika juu ya bahasha: isifunguliwe kabla ya mwaka fulani. Bahasha iliyofungwa na kutunzwa ni bora kuliko barua iliyochomwa kwa aibu.

Nne, mihutasari ya chama na orodha za michango zichapwe kila mwaka, zitiwe sahihi na kufungwa. Kinachoamuliwa kwenye simu kiandikwe kwenye karatasi.

Tano, walioandikia magazeti na redio kutoka kwetu watafutwe wangali hai: mwalimu aliyepeleka barua "Uhuru", kijana wa zamani aliyejaza kadi za salamu za Radio Tanzania, mwakilishi wa gazeti wa siku hizi. Waombwe rasimu zao na barua walizojibiwa. Msisubiri wawe mashuhuri, Ulenge hakusubiri.

Kwa kazi hiyo chama kinahitaji kabati moja la chuma lenye kufuli, majalada, bahasha, na mashine ya kunakilia. Naleta ombi kwamba katika harambee ya mwaka huu sehemu ndogo ya michango itengwe kwa ajili ya hayo, na kabati likae katika shule ambayo mkutano mkuu utaiteua, ili wanafunzi wa kidato cha tatu wanaojifunza habari za ukoloni waone mbiru kwa mkono wa babu zao. Darasa, maji na zahanati vibaki mbele kwenye orodha. Kabati lije nyuma yake, ila lisikose.

Zamani msaragambo ukiitwa kwa pembe, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Huu nao ni msaragambo. Atakayeshindwa kutoa fedha atoe mchana mmoja wa kusoma na kupanga barua pamoja na mzee wake. Atakayeweza yote mawili, Mungu amzidishie.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Jazeni kiasi, na chini yake andikeni kama nyumbani kwenu kuna karatasi za zamani na za miaka gani. Fomu hizo katibu atazifunga katika jalada la kwanza.